Yohane Wawili wa Baba

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na kila mwaka kulikuwa na siku mbili ambazo hakugusa mwiko: ya Yohane Mbatizaji mwezi wa sita, na ya Yohane Mtume, siku mbili baada ya Krismasi. Desturi hiyo aliitoa Mwanza, ujanani, alipojenga jumba la Wazungu lenye alama ya bikari juu ya mlango. Siku hizo Wazungu walivaa aproni, wakala, na mafundi nao wakapewa pilau na mapumziko. Baba akarudi Ngara akiamini hiyo ni sheria ya waashi wote duniani.

Mwaka wa vita, Yohane wa Desemba alitukuta Ntobeye tukijenga ghala la kijiji. Nasema "tukijenga", ingawa mimi nilikuwa likizo kutoka sekondari, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda kiti cha barazani. Ghala lilikuwa limeezekwa tayari juu ya nguzo, ila ukuta wa upande wa mvua ulibakiza kozi sita za tofali. Maharage ya askari yalikuwa nje, chini ya turubai lililotoboka.

Mwenyekiti wa kijiji alifika asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Leo tunamaliza?"

"Marahaba. Leo ni Yohane."

"Si mlishamla Yohane mwezi wa sita?"

"Yule ni wa kuanzia msingi. Huyu ni wa kufungia ukuta."

"Basi ufunge, mzee wangu! Maharage yakiota, wilayani niwaambie mtakatifu alikuwa anapumzika? Watasema unahujumu vita."

Neno hilo la kuhujumu lilikuwa likifungisha watu jela. Baba alishika ukosi wa shati lake jeupe la sikukuu, hakulivua.

Ndipo usomi wangu uliponiwasha. "Baba, wale hawakuwa waashi. Nimesoma shuleni. Walikuwa Wafrimasoni: mahakimu, wafanyabiashara. Mwiko kwao ni alama tu. Hizo siku za Yohane walizirithi kwa waashi wa kale waliojenga makanisa Ulaya."

"Kwa hiyo siku ni ya nani?"

"Ya waashi wa kweli," nikajibu, na hapo hapo nikajua nimeharibu.

Baba akakaa vizuri zaidi kwenye kigoda chake. Radi ikanguruma upande wa Burundi. Akayatazama maharage, akamtazama Mwenyekiti, akanitazama mimi.

"Sikukuu ni ya waashi," akasema. "Nyie wawili si waashi."

Tukajenga. Yeye alibaki kwenye kigoda, timazi mkononi, shati jeupe halina doa.

"Ndugu Mwenyekiti, tofali halipigiwi kura, lilaze! Na wewe msomi, huo ni udongo, si uji."

Magunia ya mwisho yaliingia matone yakianza kudondoka, na maharage yakalala makavu.

Kesho yake baba alikuja na mwiko, akaupima ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu. Upande wangu aliubomoa wote. Wa Mwenyekiti aliugonga mara mbili, akauacha, akamwambia mwenyewe kwamba siku ya Yohane wa mwezi wa sita naye apumzike, kama mwashi.