Ufagio Umepita

Kila Julai Firmin Castéran hufunga hema lake dogo nyuma ya baiskeli na kuyafuata mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa kwa siku tisa. Alikuwa tarishi wa posta hadi alipostaafu, na miguu yake haijapata habari hiyo. Njia nzima husalimiwa na watu walioegesha magari yao ya kulala ukingoni tangu juzi, wakichoma soseji na kuandika majina ya vipenzi vyao kwenye lami kwa rangi nyeupe. Hapo hakuna kiingilio wala jukwaa la wakubwa. Ukitaka kukaa mbele, unawahi. Siku hiyo mlima ni wa watu, na ingefaa uwe wao mwaka mzima.

Ila akifika kilele cha mlima Arrègue, Firmin hateremki upande wa pili. Kwa miaka thelathini na moja amepanda, ametazama, amerudi kwa njia ile ile aliyojia. Upande wa mashariki, kona ya tatu, ndipo alipokufa mdogo wake, Régis.

"Alikuwa na haraka, kama kawaida yake," Firmin alimwambia mama yao wakati ule. Mama alikwenda kaburini akiamini hivyo.

Mwaka huu Firmin aliketi kileleni na Nadège, muuguzi kutoka Lille aliyekuwa likizoni peke yake, magoti yamebabuka kwa jua. Walikuwa wamegawana mkate na jibini tangu asubuhi.

"Babu, huko makumbusho wanajua kwamba hiyo baiskeli imetoroka?"

"Imekupita asubuhi, binti."

"Nilikuwa nakula pichi!"

"Kwa miguu?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Kisha helikopta zikasikika, waendesha baiskeli wakapita, kwanza wachache, halafu kundi zima kama upepo, halafu wale waliochoka, midomo wazi. Mwisho kabisa likaja gari linalozoa walioshindwa, lile ambalo watu huliita ufagio.

Nadège akafunga kofia yake. "Ufagio umepita! Nikishuka sasa hivi, nitawahi kuona mwisho kwenye televisheni ya baa kule bondeni. Njia ni nyeupe, eti?"

Firmin alimtazama asimwone. Aliyesimama pale alikuwa Régis, kidevu kimelowa maji ya pichi, mguu mmoja kwenye pedali, akingoja jibu. Miaka thelathini na moja, na bado ana ishirini na mbili.

Firmin akaushika usukani wa baiskeli ya Nadège kwa mikono miwili.

"Babu, vipi?"

"Bado."

"Bado nini? Gari la mwisho si hilo limepita?"

"Nimesema bado!"

Jirani mmoja aliyekuwa akichoma soseji akageuka. "Mwachie mwenzio, mzee. Leo si siku ya kugombana."

Firmin hakuachia. Wakakaa hivyo, wakiutazama mteremko. Hakikuja kitu. Lami ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Siku ile kulikuja nini?" Nadège aliuliza polepole. Kazini kwake aliwahi kuwaona watu wanaozuia ajali iliyokwisha kutokea.

"Lori la kukusanya vizuizi. Lilikuwa linapanda. Mdogo wangu aliniuliza, kaka, njia ni nyeupe? Nikamwambia, ufagio umepita, shuka. Hakuwa na haraka yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nayo."

"Nyumbani wanajua?"

"Aliyestahili kuambiwa amekufa. Sasa unajua wewe."

Nadège aliuweka mkono wake juu ya wa Firmin, pale pale kwenye usukani, akauacha.

Baadaye askari akapanda na pikipiki, akapuliza filimbi, akaashiria kwamba barabara imefunguliwa. Watu wakaanza kumiminika. Nadège hakusogea.

"Niambie basi," alisema. "Twende?"

Firmin akauachia usukani. Akapanda baiskeli yake, akatangulia.

Kwenye kona ya tatu alikaza breki hadi vidole vikauma. Palikuwa na reli ya chuma na majani ya mlimani, basi. Nyuma yake Nadège alikuja bila kumpita.

Baada ya kona kulikuwa na nyumba tatu. Firmin hakuwa akijua. Mwanamke alikuwa akianika mashuka uani, akawapungia mkono wote wawili. Firmin alipunga pia, akishuka polepole, akilia. Nyumba zilikuwa karibu kiasi hicho, kutoka pale kwenye reli. Laiti kona ingekuwa tupu siku ile, Régis angezifikia kabla ya kumaliza pumzi moja.