Sikio Kifuani

Machi 1984 tulimzika mama, Butiama. Miguu yake ilikuwa imevimba. Wiki mbili kabla ya hapo aliniomba nimtazame, kwa sababu barua ya kukubaliwa chuo cha uganga ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Nilimshika paji la uso, nikakunja sura kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikasema, "Ni uchovu tu." Akanishukuru. Nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja.

Masomo yalianza Musoma mwezi wa Juni. Vitabu havikutosha, kwa hiyo asubuhi walitupeleka wodini tumfuate daktari, tutazame na kunyamaza. Mimi nilishughulikia zaidi koti jeupe la udaktari. Fundi cherehani wa mtaa wa Iringo alinishonea kwa shuka kuukuu, likanifika chini ya magoti kama kanzu, nikalivaa hata kwenda kununua dagaa. Watu wa mtaa wa Kitaji wakiniamkia "Shikamoo, daktari," niliitika bila aibu.

Siku moja daktari alitupatia kwa zamu kipimo chake cha kusikilizia moyo, ambacho mpira wake ulikuwa umeungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Bunda.

"Mmesikia?"

"Ndiyo, daktari," tukajibu wote.

"Wewe mwenye kanzu, umesikia nini?"

"Moyo, daktari."

"Unaendaje?"

"Vizuri kabisa."

Daktari alifunua shuka miguuni mwa mgonjwa. Ilikuwa imevimba, inang'aa, kama ile niliyoiona nyumbani. Nikajua kwamba nimesema "uchovu tu" mara ya pili.

"Daktari, nimedanganya," nikasema. "Sikusikia chochote."

Wenzangu wakaangalia sakafu.

"Hicho kipimo kinavuja hewa tangu jana," akasema daktari. "Weka sikio."

Yule mama alijifunika khanga kifuani, nikainama. Nilisikia mdundo, na nyuma yake kitu kingine. Nikabaki pale, nadhani muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Jamani," yule mama akawauliza wengine, "huyu kijana wenu analalaga juu ya wagonjwa?"

Wodi nzima ikacheka. Nikainuka, alama ya pindo la khanga imebaki shavuni.

"Sema," daktari akaniambia.

"Unadunda, halafu kuna upepo. Kama mtu anapuliza moto wa kuni."

Daktari akainama, akasikiliza mwenyewe, akaniambia nisikilize tena mahali pengine, chini kidogo. Kisha akamwagiza muuguzi amwinue mgonjwa kwa mito, na atoe vidonge vya kupunguza maji mwilini katika kopo la mwisho lililobaki.

Niliacha kuvaa koti sokoni, ingawa si mara moja. Kila asubuhi nilikwenda kubonyeza ile miguu kwa kidole, na kila asubuhi shimo lililoachwa na kidole lilikuwa dogo zaidi. Siku ya tisa nilimkuta ameketi, anafunga mzigo wake.

"Daktari," akaniuliza, "nimepona?"

"Sijui, mama," nikasema. "Ngoja nimwite daktari."

Nikaenda kumwita.