Kompyuta Iliyosemwa Mbele ya Mama Mkwe

Mume wangu hapendi kubonyezabonyeza vipicha. Programu ikitakiwa kuingia kwenye kompyuta yetu, au kutoka, anafungua kidirisha cheusi, anaandika amri yake, anabonyeza, na herufi nyeupe zinamiminika. Mie nilikuwaga namcheka, namwambia anaandikiana na majini. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa Alhamisi mchana, na wifi yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama mkwe alishafika kwetu Mbagala kutoka Tanga, amekaa mkekani sebuleni, ungo wa mchele mapajani. Kazi yangu ni kudarizi kwa cherehani inayofuata michoro ya kompyuta, na shela la bibi harusi lilikuwa mikononi mwangu. Maua yake niliyachora kwa kufuatisha shela aliloolewa nalo mama mkwe mwenyewe. Mende wameshalila, limebaki ua moja zima. "Nataka mwanangu atoke na ua langu," aliniambia, na tangu aliposema vile nilikuwa silali vizuri.

Mume wangu akaona kompyuta inajivuta. "Ngoja niisafishe," akasema kwa sauti kubwa, maana mama yake anamtazama. Akaandika amri ya kutoa kijiprogramu kimoja cha zamani. Mashine ni waungwana, jamani. Ikamjibu kwamba kikitoka hicho, vyote vinavyokitegemea navyo vinatoka, ikavitaja kimoja kimoja, kisha ikauliza: aendelee, au aache?

"Unaona, mama? Inaniomba ruhusa." Akabonyeza kukubali.

Ikaondoka na programu yangu ya kudarizi.

Mchoro upo, cha kuufungua hakuna. Akajaribu kuipakua upya, lakini mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa moto. Ila mume hakemewi mbele ya mama yake. Kwetu hapo unakuwa umemtukana mama. Basi nikaigeukia kompyuta.

"Wewe kompyuta wewe! Unaulizwa jambo, husomi, unaitikia tu! Shela la watu hilo, unalifanyia mzaha? Haraka haraka haina baraka, kwani kwenu hukufunzwa?"

Loo! Hilo la mwisho liliniponyoka. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. Mume wangu akainama, anajikuna kisogo. Nikajua nimeharibu, lakini maji yakishamwagika hayazoleki, nikaendelea.

"Na vile vifurushi vya programu ulivyoshusha mtandaoni siku ya kwanza, ulipoiingiza, umeviweka wapi? Au navyo umeshatupa?"

Mkono wa mume wangu ukasimama kisogoni. "Subiri," akasema. "Subiri kwanza."

Kumbe mashine ile ina stoo yake. Kila kifurushi inachoshusha inabaki na nakala, mpaka mtu aiamuru kufuta, na yeye hakuwa ameiamuru. Hofu tu ilimsahaulisha. Akaandika amri ya kuirudisha programu kutoka humo stoo, na mashine ikataja vitakavyoingia, ikauliza tena: aendelee, au aache? Safari hii alisoma mstari kwa mstari, kwa sauti, kidole kwenye kioo, kama mtoto wa chuoni mbele ya ustadhi.

"Bismillahi," akasema mama mkwe.

Akabonyeza. Herufi zikamiminika weee, mwisho zikatulia. Nikafungua mchoro. Ua likaja, na majani yake yote. Nikalia kwa furaha, sikuona haya.

Mama mkwe akausogeza ungo pembeni, akaja kusimama kati yetu. Aliliangalia lile ua kwa muda. Kisha akanishika bega.

"Mkwe wangu, hiyo kompyuta umeionea bure. Mwenye kosa huyu hapa amekaa. Mie ndiye niliyemzaa, na ruhusa nimekupa. Mseme."

Nikamgeukia mume wangu. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka siku ya harusi, nimeyapanga kabisa. Nikamwona alivyojikunyata kwenye kile kiti, jasho limemlowesha shati, ananisubiri nianze.

"Baba," nikamwambia, "tangu asubuhi hujala wewe. Nikupakulie?"