Bibi Alishuka Mbamba Bay Mara Moja

Nilishuka Mbamba Bay wiki iliyopita, nimekaa kwenye lori la saruji pembeni ya dereva asiyependa maongezi. Nimekuja kuwapikia mafundi wa ujenzi, kazi ambayo nimeshaifanya Tunduru, Makambako na sehemu nyingine ambazo nikianza kuzitaja utachoka wewe kabla yangu. Barabara sasa ni lami tangu Mbinga. Zamani mteremko ule ulikula nusu ya siku, na kwenye kona mbaya abiria walishuka wakatembea nyuma ya gari huku wakisali. Safari hii nilisinzia kidogo tu, na nilipofumbua macho ziwa lilikuwa pale chini, pana na la bluu, kama nilivyoliona mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nimeshikwa mkono na bibi mzaa baba.

Nataka nikusimulie safari ile. Nimezunguka nayo miaka mingi, na jana jioni niliulizwa juu yake na mtu ambaye sikuweza kumjibu sawasawa.

Sisi tulikuwa Wamatengo wa Matiri, juu kwenye kahawa na baridi. Baba alifariki nikiwa mchanga, mama akaolewa mbali, nikabaki kwa bibi na babu. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mikahawa, miti yetu ya kahawa, na upande wa pili wa korongo palikuwa na shamba la mahindi na maharage lililolimwa kwa ngolo. Kama hujawahi kuona ngolo, fikiria mlima mzima umetobolewa mashimo yaliyopangwa kama macho ya sega la nyuki. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake wanakuja nyuma na majembe, wanachimba katikati na kuyafukia majani yale kwa udongo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni, mlima hauporomoki. Nilijifunza kuchimba nikiwa sijafikisha umri wa kwenda shule, nikimfuata bibi kwa jembe lililokatwa mpini. Alikuwa akisema, "Tazama shimo lako, usitazame la mwenzako." Harufu ya majani yale yakianza kuoza chini ya udongo naijua mpaka leo.

Mwaka ule babu alifariki. Arobaini ilipopita, wazee wa ukoo walikaa barazani kwetu, wakanywa togwa, wakakohoa, kisha mmoja akasema walichokuja kusema. Mikahawa haiwezi kukaa mikononi mwa mwanamke na mtoto wa kike. Mtoto wa mwisho wa marehemu arudi kabla ya mvua za kwanza. Asiporudi, nyumba na mashamba vitachukuliwa na watoto wa kaka yake babu.

Mtoto huyo wa mwisho alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa ameshuka ziwani kununua dagaa wa kuja kuuza mnadani, akashuka tena, na mara ya tatu hakupanda. Tulisikia ameoa Mnyasa, mwenyeji wa kulekule ziwani. Wazee walitaka kumtuma kijana akamwite. Bibi akasema, "Nimemzaa mimi. Nitamfuata mimi." Alikuwa hajawahi kuliona ziwa maisha yake yote.

Tulisafiri juu ya magunia ya mahindi. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka na alipakata kapu la maharage na kahawa ya kutwanga. Njia nzima alikuwa akinong'ona. Nilidhani anasali, kumbe alikuwa anapanga maneno. Nilimsikia: "Mwanangu, baba yako ameacha pengo." Akatikisa kichwa, akaanza upya: "Mwanangu, nyumba inakuita."

Baba mdogo, aliyekuwa ametumiwa salamu kwamba tunakuja, alitupokea pale lori liliposimama. Alikuwa mweusi kuliko nilivyomkumbuka, miguu peku, shati limefunguka kifuani, na alipiga goti kumwamkia mama yake mbele za watu. Bibi akafungua mdomo aseme lile neno lake hapohapo. Lakini baba mdogo alikuwa ameshabeba kapu. "Mama, kabla ya nyumbani, twende nikuonyeshe barabara yetu."

Nilisikia ile "yetu". Nadhani na bibi aliisikia.

Ilikuwa barabara moja tu ya vumbi, ikishuka kuelekea bandarini, na maduka huku na huku. Kwangu ulikuwa ulimwengu. Duka la kwanza lilikuwa la khanga, zimening'inizwa mpaka nje. La pili liliuza taa za chemli, betri, nyavu, sabuni za vipande na peremende za rangi, na ndani yake redio ilikuwa ikisoma habari kwa lugha ya ng'ambo ya ziwa. Palikuwa na mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ghorofa na maua. Palikuwa na mama anayekaanga mihogo, na harufu ya mafuta yake ilichanganyika na harufu ya dagaa waliotandazwa kwenye vichanja hadi ikawa harufu moja, ambayo bado nikiisikia popote nasimama.

Kila hatua tano mtu alimwita baba mdogo. Fundi cherehani aliyekuwa kibarazani aliacha kukanyaga, akanyoosha shingo.

"Mmatengo, leo umeshusha mlima mzima?"

"Ni mama huyu. Mwamkie."

"Shikamoo mama. Karibu. Ila mwanao tulishamchukua, hatumrudishi."

Watu wakacheka. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha mnadani, alimjibu taratibu. "Marahaba. Mmemchukua, mbona hamjamvika viatu?"

Wakacheka zaidi, na fundi akapiga meza yake kukubali kushindwa. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta macho. Nilimtazama bibi. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umebana wangu kwa nguvu.

Tulikwenda mpaka bandarini. Meli haikuwepo siku ile. Baba mdogo alitueleza inavyopiga honi, inavyojaa watu, na jinsi yeye anavyopakia magunia kwa zamu. Akatupeleka kwenye mawe yale makubwa ya ufukweni, laini kama mgongo wa kiboko, ambako watoto walikuwa wakiruka majini. Bibi aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja. "Hayana chumvi," akasema, kama mtu aliyekuwa amedanganywa kwa miaka mingi. Baba mdogo akamwambia, "Ndiyo maana tunayanywa, mama."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, safi, nyuma kidogo ya maduka. Mke wake alitoka akiwa na mimba kubwa, akapiga magoti kwa shida. Ndani mama yake mzazi alikuwa amelala kitandani, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Hakuwa na mtoto mwingine. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mbasa, wa kuchemsha. Bibi alipambana na ule ugali unaonata, akaumaliza, akashukuru.

Kisha alitoka uani kunawa mikono, nami nikamfuata. Ndipo tulipoyaona mashimo.

Nyuma ya nyumba, kwenye kipande kidogo cha mchanga, palikuwa na ngolo. Mashimo manne kwa manne, yamepangwa sawasawa, majani yamefukiwa kwenye kingo kama inavyotakiwa. Kingo zilikuwa zimebomoka, kwa sababu mchanga haushiki. Ndani ya mashimo miche ya maharage ilikuwa imesimama, myembamba na ya njano.

Jirani, mvuvi aliyekuwa akiziba tundu la mtumbwi wake, alimwona bibi ameduwaa. "Mama, tumemwambia shemeji yetu hapa ni tambarare, maji hayakimbii popote. Hasikii. Sisi tunasema anachimba makaburi ya kuku."

Bibi hakucheka. "Nani amechimba?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Mkewe hajui mambo hayo."

Nilikuwa na miaka tisa, lakini lile nililielewa. Kwetu mwanaume anafyeka na kulaza majani. Kuchimba ni kwa mama yake, dada yake, mke wake. Sikuwahi kumwona mwanaume wa Matiri akichimba ngolo peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Baba mdogo alitokea mlangoni, akaona tunachotazama, akaona haya kama mtoto.

"Nilitamani maharage ya nyumbani," akasema. "Hayastawi."

Bibi alichuchumaa kwenye ukingo wa shimo moja. Akaunganisha pale palipobomoka kwa kiganja. Ukabomoka tena. Alikaa hivyo muda mrefu.

Nimekuwa nikiwaza juu ya dakika zile kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Kama angemkuta ametusahau, angemwambia neno la wazee bila kusita, naye angekataa, na kila mtu angejua alipo. Lakini alimkuta hivi. Alijua kwamba akilitamka tu, kijana atafunga mzigo kesho yake na kupanda mlima. Na mke hawezi kumfuata, kwa sababu ya yule mgonjwa kitandani.

Jioni mke wa baba mdogo alikuwa akiosha vyombo kwenye mawe. Bibi alikaa karibu yake, mimi nikichezea maji. Yule mama mdogo hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Mama, naomba uniambie tu. Umekuja kumchukua?"

Bibi akachukua mchanga kidogo, akaanza kumsaidia kusugua.

"Nimekuja kununua dagaa," akasema. "Na wewe umfundishe kulima matuta ya mihogo. Huyu atawaua kwa njaa."

Mama mdogo alicheka huku machozi yakimdondoka kwenye sufuria.

Kesho yake asubuhi, kwenye lori, baba mdogo aliushika mguu wa bibi akiwa chini. "Mama, hukuja na neno? Umetoka mbali."

"Nimekuja kutembea," bibi alisema. "Nimetembea."

Tulipofika juu, ziwa lilipopotea nyuma ya miti, aliniambia kwa Kimatengo kwamba nilichosikia kule nikiache kulekule. Wazee walipokuja kuuliza, aliwaambia ukweli wa maneno mawili: "Nilifika. Sikumwambia." Mmoja alisimama, akaondoka bila kuaga. Mvua za kwanza zilipokuja, watoto wa kaka yake babu waliingia kwenye mikahawa. Tuliachiwa chumba cha nyuma na ukanda mwembamba kando ya kijito. Bibi alizeeka akichimba ngolo za watu wengine kwa ajili ya chakula. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita nikachimbe naye, na alipofariki sikuona cha kunishika pale. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoka. Nikisikia jina la mahali nisipopajua, miguu inawasha.

Baba mdogo alichelewa mazishi kwa siku mbili, mvua ilikuwa imekata njia. Walioshika shamba hawakuwa na haja ya kumkumbusha lolote. Alirudi ziwani akiamini mama yake aliligawa mwenyewe kwa kuwa alichoka.

Jana jioni nilitembea naye. Sasa ni mzee, anatembelea fimbo, watoto wake wameenea Songea na ng'ambo. Barabara yake ni ya lami. Kibaraza cha fundi cherehani kimekuwa duka la simu, na muziki wake unasikika mpaka bandarini. Mpiga picha hayupo, kila mtu anajipiga mwenyewe. Vichanja vya dagaa vimesogezwa mbali, kwa hiyo mtu anaweza kushuka barabara yote asisikie harufu ya ziwa. Tulipumzika kwenye ngazi za duka moja la vifaa vya ujenzi. Alichora chini kwa ncha ya fimbo.

"Mama alikuja hapa mara moja tu," akasema. "Nimezeeka nikijiuliza. Mtu hawezi kukaa juu ya magunia siku nzima kwa ajili ya kutembea. Wewe ulikuwa naye, mwanangu. Alikuja na neno?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na haki, nadhani. Miaka yangu ya shule imo ndani ya neno lile, na mgongo wa bibi umo. Nilimtazama mikono. Ina makovu ya kamba na magunia.

"Alikuja kutembea, baba," nikasema. "Na kununua dagaa. Njia nzima alisema barabara yenu ni nzuri."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama, kwa kuwa baridi ya ziwa ilianza kumwingia magotini.

Wazee wale wa barazani wamekwisha wote. Mama mdogo alifariki mwaka juzi, na mgonjwa wake alitangulia zamani. Mtaa ule wa vumbi haupo, na hata ukoo uliochukua mikahawa umeshaing'oa kupanda miti ya mbao. Tunaolijua neno la bibi tumebaki wawili, mimi na wewe. Ukipita Mbamba Bay ukamkuta mzee mwenye fimbo kwenye ngazi za duka, mwamkie, mkae, mzungumze juu ya meli na bei ya samaki. Hilo jingine liache.