Ufunguo wa Delia Scahill

Delia Scahill alizaliwa langoni na langoni akazeekea. Kijumba chao cha mawe kiliegemea nguzo ya lango la Knockarrow, kikafuka moshi mwaka mzima. Bibi yake alikuwa bawabu, mama yake bawabu, naye alipoachiwa ufunguo mwaka 1931 alikuwa na miaka thelathini na minne, sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya bonde, na miguu isiyojua kutulia filimbi ikilia.

Ndani ya lango waliishi akina Delahoyde. Wa kwanza wao kuitwa Lodi alipewa cheo hicho cha kikabaila kwa kura aliyoipiga bungeni Dublin ya kulivunja bunge lenyewe, kura ambayo kijijini bado hatujaisahau. Mwanawe alikaa katika bunge la London miaka thelathini na, kama alivyosimulia mama yangu, alifumbua kinywa wakati wa kula tu. Mjukuu aliwafukuza wapangaji mashambani. Kitukuu akawauzia watoto wao mashamba yale yale sheria ilipogeuka, akabaki na jumba, msitu, na kiti cha useneta. Sasa tulikuwa na mwanawe, Bwana Gerald, ambaye aligombea udiwani mara mbili akaanguka mara mbili, mara ya pili kwa mnunuzi wa nguruwe. Hakununa. Alimnunulia mshindi bia nyeusi, akarudi kwenye jumba lake linalovuja.

Katikati ya msitu ilipita njia. Ukiifuata, kanisa, shule na makaburi ni mwendo wa dakika ishirini. Ukizunguka mlima ni saa mbili, na mvua yetu haina huruma. Ilikuwa njia yao, tukaipita sisi. Sheria ilisema watu wakipita mahali miaka ishirini bila kuzuiwa hata siku moja, njia inakuwa yao. Kwa hiyo Lodi mmoja wa zamani aliagiza lango lifungwe siku moja kila mwaka, alfajiri hadi magharibi: siku ya pili ya Krismasi. Jioni bawabu apande jumbani akaseme, "Nimefunga."

Delia alifunga. Alfajiri, kabla ya chai, alizungusha ufunguo kwa mikono miwili. Ila siku hiyo ndiyo sikukuu yetu ya kindege. Wanaume wetu huvaa vinyago vya mabua na sketi za wake zao, hubeba kindege wa bandia juu ya fimbo yenye matawi na utepe, wakipita nyumba kwa nyumba na ngoma. Saa nne walikuwa langoni, kijiji kizima nyuma yao, na mbele Mossie Tarpey na ngoma yake ya ngozi ya mbuzi.

"Fungua, mama!"

"Leo hapafunguliwi, Mossie. Amri ni amri."

"Haya basi. Tutapiga hapa hapa, uteseke vizuri."

Delia alistahimili wimbo mmoja. Kwenye wimbo wa pili kisigino kilianza kugonga jiwe. Kwenye wa tatu lango lilikuwa wazi, na Delia alikuwa mbele ya wote, aproni inapepea, anacheza msitu mzima mpaka ngazi za jumba. Jioni alipanda jumbani, akainamisha kichwa mbele ya mama yake Bwana Gerald, akasema, "Nimefunga, Bi Mkubwa." Haukuwa uongo. Alikuwa amefunga. Ila hakusema kwa muda gani.

Ilikwenda hivyo miaka ishirini na saba.

Oktoba mwaka 1958 Bwana Gerald alipata mnunuzi wa msitu, mfanyabiashara wa mbao. Mnunuzi alitaka kuzungushia senyenge kila upande, na wakili wake, Bwana Prendeville, alitaka bawabu aape kwamba lango lilifungwa kila mwaka. Akiapa hivyo, njia inakufa. Akisema kweli, msitu hauuziki, paa la jumba linaendelea kuvuja, na Delia anajulikana kuwa amemdanganya bibi wa nyumba robo ya karne. Na kijumba cha langoni kilikuwa cha nyumba hiyo.

"Utasema nini?" Mossie alimuuliza wakipanda. Tulikuwa umati nyuma yao.

"Sijui."

"Ukisema ulifunga, mwaka huu itabidi nimchinje yule kindege, nichukue mabawa yake niruke nayo mpaka kanisani."

"Kindege wako ni soksi iliyojazwa pamba, mjinga wewe."

Hakucheka lakini. Nilimwona ametia mkono mfukoni, anaugeuzageuza ufunguo.

Katika chumba cha kulia, chini ya picha za Malodi wote, tulisimama tukidondosha maji zuliani. Bi Mkubwa Honoria, mama yake Gerald, mwenye miaka themanini na sita, alikaa karibu na moto na blanketi magotini.

"Bibi Scahill," alisema wakili, "ulilifunga lango kila mwaka?"

"Nililifunga, bwana."

Mossie alivua kofia kama yuko mazikoni.

"Likabaki limefungwa hadi magharibi?"

Delia aliangalia picha, akatuangalia sisi, akamgeukia yule kikongwe.

"Hapana. Nisamehe, Bi Mkubwa. Halikumaliza hata asubuhi. Hata mwaka mmoja."

Bi Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Delia, wewe kweli ulidhani sijui? Watu mia mbili wanacheza kwenye ngazi zangu, wanamaliza keki yangu na wiski ya marehemu. Nilidhani wamepitia wapi, dohani?"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Wakili alisubiri, kisha akauliza kwa ujanja, "Kwa hiyo, Bi Mkubwa, wewe ndiye uliyewaruhusu?"

Maana wakiruhusiwa, njia si haki yao.

"Kijana," alisema kikongwe, "nimelala na mwanasiasa miaka arobaini. Sikumruhusu mtu. Sikumzuia mtu. Nilikata keki."

Prendeville alifunga jalada lake. Bwana Gerald alicheka mpaka akashika kiti. "Baba alishinda chaguzi tano," alisema, "kumbe mama alikuwa anampindua kila Krismasi!" Kisha akamwomba mnunuzi afikirie msitu wa juu peke yake, usio na njia. Ukauzika, na fedha zake zikatosha nusu ya paa. Nusu nyingine waliiwekea ndoo, kama zamani.

Mwaka ule, siku ya pili ya Krismasi, Delia aliamka alfajiri kwa mazoea, akatoka na ufunguo, akasimama mbele ya lango lisilo na haja ya kufungwa. Akacheka peke yake kwenye ukungu. Mossie alipofika saa nne hakukuta wa kumbembeleza. Delia aliufunga ufunguo kwa utepe mwekundu kwenye fimbo, chini ya kindege wa soksi, akatangulia mbele ya wote.

Mpaka leo unaning'inia pale. Ngoma ikikolea, unalia.