Marehemu Aliyehamisha Mpaka

Harufu ya mahindi mabichi yakichomwa hunirudisha kijijini kwetu Mashewa, enzi za Mjerumani, mwaka ambao baba alibatizwa na sisi tukalala njaa. Wengine husema ni harufu tamu. Mimi huwaacha waseme.

Baba aliitwa Shekiondo. Siku ya ubatizo alitoka mtoni na kanzu nyeupe na jina jipya, Yohana, na tangu hapo ukimwita Shekiondo haitiki. Bibi, mama yake mzazi, alimwita mara tatu aje kula, akaona mgongo tu. Akasema, "Haya, Yohana atajua atakapokula, maana ugali huu nimempikia mwanangu." Baba akaitika upesi.

Jirani yetu, mzee Athumani, alikuwa amechukuliwa kuwabebea Wajerumani mizigo. Alikaa huko misimu miwili. Aliporudi, amekonda, mabega yana makovu, alikuta masale yamehama. Masale ni mimea myembamba ya majani marefu inayopandwa kuonyesha mpaka, na kwetu mtu hathubutu kuing'oa. Sasa yalikuwa hatua ishirini ndani ya shamba lake, upande wa mto, penye udongo mweusi, na mahindi yetu yamesimama pale yanakaribia kukomaa.

Akaja kwetu asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, nikamletea kigoda. Hakupandisha sauti.

"Shekiondo, umehamisha mpaka wangu."

"Shekiondo alikufa," baba akasema. "Alizikwa majini. Mimi ni Yohana, nimezaliwa upya."

Athumani akatikisa kichwa taratibu. "Poleni na msiba. Sasa wewe Yohana ndiye mrithi wa marehemu, au unalima tu shamba la watu usiowajua?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Wiki nzima watoto wa Athumani waliniita mtoto wa marehemu, nami niliwapiga.

Ndipo alfajiri moja baba akachukua jembe, akaniambia nimfuate. Tuling'oa masale yote. Mimi nikabeba, yeye akachimba mashimo palepale pa zamani. Mama akaja mbio, akimwita kwa jina langu.

"Baba Mariamu, ngoja tuvune kwanza. Siku kumi tu. Watoto watakula nini?"

"Nikingoja siku kumi, nitapata sababu ya kungoja ishirini," baba akajibu, akaendelea kuchimba.

Alipomaliza, alikwenda mlangoni kwa Athumani na udongo wake miguuni. "Ni mimi Shekiondo," akasema. "Mpaka niliuhamisha mimi, ulipokuwa hupo."

Athumani alivuna yote. Hakutugawia hata gunzi, na hakukosea. Sisi tulikula mihogo na majani ya porini, nami nilimnung'unikia Mungu, kwa kuwa tulipokuwa hatumjui tulishiba.

Nilikuwa tayari na watoto wanne ndipo nikaelewa. Mimi na baba tulidhani kuzaliwa upya ni kuachana na mtu wa zamani, na makosa yake ayabebe mwenyewe kaburini. Kumbe ni kupata nguvu ya kusimama mbele ya uliyemdhulumu, ukalitaja jina ulilotumia kumdhulumu. Nguvu hiyo baba hakuwa nayo kabla ya maji, namjua. Lakini maji hayakumshikia jembe.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukinijia na kuniambia umezaliwa upya, nitafurahi sana. Kisha nitakuuliza umerudisha nini, na umemrudishia nani.