Wifi Yangu Anatafuta wa Kulaumiwa

Wifi yangu ni msusi, na mdomo wake unachapa kazi kuliko vidole. Mteja anaingia kusuka rasta, anatoka kasukwa na kapewa habari za nyumba nzima. Nyumba yenyewe ni yetu: yeye, kaka yangu aliyemuoa, mimi kitinda mimba, na Mama. Kaka simhesabu sana. Likitokea la kutokea kati ya mkewe na mama yake, ghafla anakumbuka ana baiskeli ya kuosha.

Habari zinazouzika saluni ni za Mama. Jinsi anavyokunja upya nguo ambazo Wifi ameshazikunja. Jinsi anavyomuuliza "umechoka?" kwa sauti ambayo huwezi kujibu ndiyo wala hapana. Siku moja mteja akamrekodi anasimulia, akarusha mtandaoni, watu hoi. Komenti zikamwagika: dada, andika kitabu. Zingeishia hapo tungecheka tukalala. Lakini kampuni moja ya vitabu nayo ikamtumia ujumbe, ikasema andika, sisi tutachapa. Wifi, ambaye hajawahi kumaliza kusoma hata maelezo ya dawa ya nywele, akakubali. Akatangaza na jina kabisa: Mama Mkwe Wangu.

Mama alizipata habari kwa jirani. Hakukasirika. Alifanya kibaya zaidi, alifurahi. "Mkwe wangu ananiandikia kitabu," akawa anasema dukani, kwa fundi viatu, mpaka kwa watu waliompigia simu kwa kukosea namba. Akaenda studio kupiga picha ya jalada, mkono shavuni.

Basi ungemwona Wifi jioni, kakaa kitandani na kompyuta ya kuazima mapajani, ukuta mmoja tu kati yake na mhusika mkuu. Mama akikohoa, Wifi anafuta sentensi. Akiandika ya kuchekesha, anamtukana mwenye nyumba. Akiandika ya kusifia, wale wa mtandaoni watasema dada kapoa.

"Si uwaambie umeghairi?" nikamwambia.

"Nimwambie nani? Mama keshapiga picha."

Ndipo akaja na akili yake mpya: mwandishi wa kukodi, yule anayekuandikia kitabu kizima halafu jina linakaa lako. Nikadhani anataka kupunguziwa kazi. Kumbe.

"Mama akinuna," akaninong'oneza, "namwambia si mimi, ni yule kijana kaongeza chumvi."

"Wifi, una roho mbaya."

"Naishi na mama yako. Najifunza."

Kijana akaja saluni, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, anaongea taratibu kama anasomea mtu risiti. Wifi hakuzunguka.

"Wateja wako wanaruhusiwa kukutaja?"

"Hapana, dada. Mkataba unakataza. Mimi ni siri."

"Watu wakikisifia kitabu?"

"Wamekusifia wewe."

"Wakikasirika?"

"Wamekukasirikia wewe."

"Na kama kuna kitu umeongeza kichwani mwako?"

"Utakuwa umesoma ukakubali. Kwa hiyo umeongeza wewe."

Wifi akaniangalia. Mimi nikaangalia kitana.

"Yaani nakodi mtu ili nichapwe mwenyewe."

"Ila kwa lugha nzuri," akasema kijana, na wala hakuwa anatania.

Wifi bado alikuwa anapima. Akikubali, angalau ataachana na ule ukuta na kile kikohozi. Alishashika kalamu asaini, Mama akatokea mlangoni, mkoba kwapani. Jirani alishamwambia kuna kijana kaja kwa ajili ya kitabu.

"Huyu nani?"

Kijana, kwa kulinda siri ya kazi, akajitetea: "Mteja tu, mama."

Mama akamtazama kichwa. Kipara kinang'aa kama sahani. "Unakuja kusuka nini hapo?"

Wifi akakiri kuwa ni mwandishi wa kukodi. Mama akavuta kiti.

"Mgeni ataandikaje habari zangu? Ananijua? Na wewe, ile video yako niliiona."

Wifi akashika ukingo wa meza.

"Umenipunja," Mama akaendelea. "Unasimulia kama mtu anayeogopa kupigwa. Sehemu zote tamu umeziruka. Kama umekwama, mwanangu, si uniulize? Mimi nipo tu nyumbani."

Kijana akakunja mkataba wake, akatutakia kazi njema.

Tangu siku hiyo, tukimaliza kula, Mama anahamia chumbani kwao. Kaka kahamia sebuleni na shuka lake. Mama anasimulia, Wifi anaandika. Tatizo ni kwamba kwenye hadithi za Mama, anayechekwa si Mama. Ni bibi harusi aliyetundika gauni la mama mkwe dirishani akidhani ni pazia. Ni yule aliyechemsha maji mpaka birika likatoboka. Na zinachekesha, sitadanganya. Nilisoma nikatoka nje kucheka.

Wifi akaipelekea kampuni sura ya kwanza, akiomba kimoyomoyo waikatae. Wakajibu: "Unajicheka vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

"Jina langu, maneno yake," akaniambia. "Wifi, ni mimi ndiye niliyekodiwa."

Jana nilikuwa nimekaa mlangoni mwa chumba chao. Mama kaegemea mto wa kaka, macho kafumba.

"Andika: mkwe wangu ni mvivu kidogo."

"Mama, kitabu ni changu. Siwezi kuandika 'mkwe wangu' nikijisema mwenyewe."

"Kweli. Basi andika: mimi ni mvivu kidogo."

Vidole vya Wifi vikaganda juu ya herufi. Akanitazama, nikatazama dari. Mama hakukohoa, hakufumbua macho, alisubiri tu. Mwishowe tukasikia herufi zinagongwa, pole pole.

"Nimeandika, Mama."

"Toa hiyo 'kidogo'."